Mpelelezi wa Saa Moja

Mume wangu alimpenda polisi mwingine kwa misimu miwili ya kahawa, na muda wote huo nilikuwa nimekaa naye kochi moja. Nasema polisi mwingine kwa sababu polisi wa kwanza ni mimi. Huyo wa pili alikuwa ndani ya televisheni, mpelelezi wa kike katika tamthilia ya nje iliyotiwa sauti za Kiswahili. Alikuwa akiingia sebuleni kwetu saa moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, bila kubisha hodi.

Tulikuwa tunakaa Mbinga mjini. Mume wangu ni fundi cherehani, na alikuwa na nafasi yake kwenye baraza la duka la mzee mmoja aliyehamia huku kutoka pwani, muuza vitambaa. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nje anapimwa. Jioni mume wangu anaingiza cherehani dukani, mzee anafunga milango, wanaagana. Mimi nilikuwa koplo kituoni, mwaka wa kumi na nne kazini.

Nilimchukia yule mwanamke kuanzia viatu vyake. Alivaa visigino virefu, na kwa visigino hivyo alikimbiza wezi juu ya mapaa. Mimi niliwahi kumkimbiza mwizi wa kuku, tena nikiwa na buti, kwenye mashamba ya ngoro kule Mkumbi, ambako kila hatua mbili kuna shimo limechimbwa kuzuia maji. Niliteguka kifundo cha mguu katika shimo la tatu na mwizi akanipa pole kutoka ng'ambo ya bonde. Nywele za yule wa televisheni hazikuwahi kuingia jasho. Hakuwahi kuandika hata mstari mmoja. Alimweka mtuhumiwa kwenye meza, akapiga meza kofi, akasema "Najua ulichofanya!", na mtu mzima na ndevu zake akaanza kulia na kueleza kila kitu, hadi alipoficha kisu. Kesi iliyoanza baada ya tangazo la sabuni ilikuwa imekwisha kabla ya tangazo la mafuta ya kula.

"Huyu ndiye polisi," mume wangu alisema jioni moja, mdomoni ana tonge la ugali. Hakugeuka kunitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sare yangu, sijavua hata mkanda.

Nilianza kuitazama tamthilia kwa nia ya kutafuta makosa, na makosa yalikuwa mengi kuliko pilipili sokoni. "Hati ya upekuzi iko wapi?" nilimuuliza mume wangu. "Anaingiaje nyumba ya watu bila mwenyekiti wa kijiji? Nani shahidi wake?" Mume wangu akasema sss. Lililoniudhi zaidi ni kwamba yule mwanamke hakumsalimia mtu. Alimkuta bibi kizee mlangoni akamtolea kitambulisho usoni. Angefanya hivyo hapa kwetu, bibi angerudi ndani akaendelea kuchambua maharage, na upelelezi ungeishia hapo.

Kazi yetu inaanza na salamu. Mwaka ule tulishuka ziwani, Lundo, kwa ajili ya nyavu zilizoibwa, na siku ya kwanza nzima sikuuliza habari ya nyavu. Nilimwamkia mwenyekiti, nikawaamkia wazee, nikaulizwa hali ya kahawa huko juu, nikauliza hali ya usipa, nikakaa na kina mama wanaoanika samaki hao wadogo nikawasaidia kuwageuza juani. Safari ya tatu ndipo mama mmoja aliniambia, huku anatazama pembeni, ni nani ana nyavu mpya bila kuwa na mtumbwi mpya. Nilijivunia kesi ile kwa wiki nzima. Lakini niliporudi nyumbani na mume wangu akaniuliza, "Leo kazini?", nilimjibu kama nilivyomjibu miaka yote: "Kawaida." Akiuliza zaidi, nasema ni siri ya serikali. Halafu nakwenda kuosha uso.

Basi ikaja habari ya koti. Mwalimu mmoja wa kike alimletea mume wangu kitambaa cheusi kizito akitaka koti refu, na mume wangu akasema bila kufikiri, "Nitakushonea kama la yule mpelelezi." Alilifanyia kazi siku nne. Alikuwa anasimama mbele ya televisheni na chaki mkononi, kila yule mwanamke akigeuka anachora kola kwenye karatasi. Mimi zipu ya sketi yangu ya kazini ilikuwa imekufa mwezi mzima. Nilikuwa nimemwomba mara tatu. Nilisimama gwaride la asubuhi na pini tumboni, ninavuta pumzi kidogo kidogo nisichomwe, na nyumbani mume wangu alikuwa anapima kola ya mwanamke asiyekuwepo.

Niliona wivu. Sitaki kulipamba jina hilo. Mkono ukafanya kazi kabla ya akili. Asubuhi yake, mume wangu alipokwenda kuoga, nikachomoa waya unaopeleka umeme kwenye kisimbuzi, nikaukunja, nikautia kwenye mkoba wangu wa kazini chini ya daftari. Jioni nikamwambia umeungua, nimeupeleka kwa fundi. Akasema, "Basi." Nikala vizuri siku hiyo.

Siku sita waya ulikuwa mkobani mwangu. Mume wangu hakulalamika, ila alianza kurudi saa mbili badala ya kabla ya saa moja. Nikajua anamalizia kazi za watu kwa kuwa hana cha kumvutia nyumbani. Nikajisifu kwamba nimemrudisha kwenye cherehani yake. Nilipewa kazi ya kutambua uongo wa watu nikalipwa mshahara kwa kazi hiyo, lakini haikunijia kichwani kumuuliza alikuwa wapi.

Siku ya sita nilimpeleka mahabusu mahakamani Songea, nikalala huko. Niliporudi kituoni kesho yake nikamkuta mume wangu amekaa kwenye benchi la walalamikaji, futi ya kupimia ingali shingoni. Sikumbuki kama nilimsalimia. Alisema, "Wameiba cherehani," kwa sauti ya mtu anayemwambia mwingine kuna msiba.

Sajini wetu, mtu mzima aliyebakiza miaka michache astaafu, alitoka na jalada. "Mama, wewe kaa pembeni," aliniambia. "Maelezo ya shemeji nachukua mimi." Utaratibu ulitaka nitoke kabisa chumbani. Sikutoka, na sajini akajifanya hajaona.

Anaandika polepole yule mzee. Anauliza, anasubiri, anaandika, anasoma alichoandika, ndipo anauliza tena. Aliuliza jina, kabila, dini, kazi, na mume wangu alijibu yote ingawa wamefahamiana miaka kumi na wameshakula pamoja kwenye kipaimara cha mwanetu. Kisha akafika kwenye siku yenyewe.

"Cherehani ilikuwa wapi jana saa moja kasoro?"

"Barazani, afande. Nilikuwa nimeifunika gunia."

"Kwa nini hukuiingiza dukani kama siku zote?"

"Mwenye duka alikuwa anaswali. Sikutaka kumkatisha, na mimi nilikuwa nawahi."

"Unawahi wapi?"

Mume wangu alinitazama, akarudisha macho mezani. "Hotelini pale karibu na stendi. Wana televisheni. Ya nyumbani waya wake umeungua, mke wangu ameupeleka kwa fundi. Nilisema naona kidogo, narudi naiingiza. Nilirudi saa mbili nikakuta gunia."

Sajini aliandika. Kalamu yake ilikwaruza karatasi nami nikahesabu maneno. "Unaangalia nini huko?" aliuliza, na hadi leo sijui kama swali lile lilikuwa la kazi au la udaku.

"Ile ya mpelelezi wa kike," mume wangu alisema. "Unajua, afande, mimi sijui kazi ya mke wangu. Nikimuuliza anasema siri ya serikali. Basi namwangalia yule."

Mkoba ulikuwa mapajani pangu. Niliubana kwa mikono miwili. Hata hapo, nakiri, nilinyamaza. Nilijiambia maelezo yanakaribia kwisha, mume wangu atatia sahihi, jioni nitarudisha waya na kusema fundi ameutengeneza. Watuhumiwa wengi niliowaona walikuwa na mpango mzuri kama huo.

Ndipo sajini akauliza swali ambalo sikuwahi kumsikia yule mwanamke wa televisheni akiliuliza. "Shemeji, hiyo cherehani ina alama gani? Kitu ambacho ukiikuta popote utasema hii ni yangu."

"Ina namba chini."

"Ya kiwandani?"

"Hapana. Ukiinua kichwa chake, kwenye chuma, nimekwangua kwa msumari namba ya mke wangu ya Jeshi la Polisi." Akaitaja yote, tarakimu kwa tarakimu, bila kukosea. Mimi mwenyewe niliikariri kwa viboko vya maneno chuoni. "Niliiandika mwaka tuliooana. Nilifikiri mwizi akiiona ataogopa. Yeye mwenyewe hajui. Kila nikitia oili naiona."

Sajini alisimamisha kalamu. Hakunitazama, na kwa hilo bado namshukuru.

Katika miaka kumi na minne sijamwona mtuhumiwa akikiri mezani kwa machozi. Wanakana, wanaomba maji, wanasema kamuulizeni jirani. Mtu pekee aliyekiri mezani katika kituo chetu mbele ya macho yangu ni mimi. Hakuna aliyepiga meza kofi. Nilifungua mkoba, nikatoa waya kutoka chini ya daftari, nikauweka juu ya maelezo ya mume wangu. Nikasema, "Haukuungua. Niliuchomoa mimi."

Hapakuwa na muziki. Nje kulikuwa na mtu anadai kuonana na ndugu yake mahabusu. Mume wangu aliuchukua waya, akaupapasa kwa vidole vyake vya kifundi kuanzia ncha hii hadi ncha ile, akitafuta palipoungua.

"Ulisema uko kwa fundi," alisema.

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Maneno niliyokuwa nayo yalikuwa ya kitoto, lakini hayakuwepo mengine. "Ulimshonea yule koti," nilisema, "na mimi nina pini kwenye sketi."

Sajini alikohoa. "Niandike na haya?"

"Usiandike, afande," mume wangu alisema. "Ya nyumbani hayo." Akasomewa maelezo yake, akatia sahihi pale alipoonyeshwa, akaaga. Waya aliutia mfukoni. Mimi hakuniaga.

Jioni ile alichomeka waya na saa moja yule mwanamke akaingia na visigino vyake. Mume wangu alimtazama siku mbili. Siku ya tatu, mpelelezi alikuwa anampigia kelele mtu aliyeibiwa gari, na mume wangu akasema, "Huyu hata haulizi kitu kina alama gani." Akazima, akaenda kulala. Hajamwangalia tena. Mpinzani wangu aliondoka nyumbani kwangu kwa miguu yake, na nilikuwa nimetamani aondoke misimu miwili, ila sikuona raha niliyoitarajia.

Cherehani haijapatikana. Jalada liko wazi. Kila ninapotumwa nje ya mji, iwe Lundo au Liparamba, nikiona fundi barazani namsalimia, nauliza habari za nyumbani, nauliza hali ya mahindi, nakaa. Tukishazoeana naomba aniinulie kichwa cha cherehani yake. Wengine wananicheka. Nimeinuliwa cherehani nyingi na nimeona kutu, buibui, na mara moja jina la msichana.

Siku hizi mume wangu akiniuliza "Leo kazini?" namweleza. Namweleza hadi chakula kinapoa, hata yasiyofaa. Anasikiliza kwa adabu. Kaka yake wa Songea alimletea cherehani nyingine, na kazi ya kwanza aliyoifanya nayo ni zipu ya sketi yangu, bila kuombwa. Aliishona vizuri.

Nimeiinua cherehani hiyo mara tatu, akiwa amekwenda kula. Chini hakuna kitu.