Siku Niliyowaacha Wazee Mlangoni

Nakumbuka siku wazee watatu wa jamii yetu walipopanda ngazi hadi kwangu, mtaa wa Auburn, wakapiga hodi, nami nikazungumza nao nimeshika kitasa na sikuwakaribisha ndani. Jambo hilo watu wamelisema tangu nikiwa kijana mpaka leo nina mvi. Mwanangu, nimesikia umepata kazi ile ile niliyoifanya mimi, ya kuendesha mashtaka ya serikali kuu hapa Sydney. Nimesikia pia shangazi zako wameshakuonya usije ukawa kama mimi. Basi kaa nikueleze mwenyewe. Ukitaka kunijibu, nijibu kwa hicho Kiingereza chako, nimekizoea.

Kesi yenyewe ilianza na Esperance, mama wa Kirundi aliyefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na Westmead. Alikwenda kwao kumzika mama yake. Wakati wa kurudi akapewa sanduku amletee shemasi wa kanisa lao la Minto. Aliambiwa ni vitenge na unga. Alipofika uwanja wa ndege wa Sydney, maofisa walilikata lile sanduku wakakuta dawa za kulevya zimefichwa ndani ya kuta zake. Esperance akawekwa mahabusu, watoto wake wakagawanywa kwa majirani.

Desturi hii yetu unaijua. Ukisema tu unasafiri, simu inaanza kulia: nibebee hiki, mpelekee fulani kile. Na hufungui, kwa sababu kufungua mzigo wa mtu ni kumwambia humwamini. Mimi mwenyewe nimebeba masanduku ya watu nisiowajua hata sura, nguo zangu nikaziacha ili kilo zisizidi. Siku hizi nafungua mbele ya mwenyewe, akinuna shauri yake.

Mkuu wangu kazini, Mzungu mmoja mpole na mwenye akili nyingi, alinipa kazi ya kuandaa hoja zetu. Alitaka tuwaambie raia watakaokaa kuamua kesi kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayebeba sanduku la mwenzake bila kulifungua. Nikamwambia hoja hiyo siwezi kuiandika.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si kweli. Kwetu watu wenye akili timamu wanafanya hivyo kila siku."

Akasema, "Labda uko karibu mno na watu hawa."

"Niko karibu, ndiyo maana najua," nikasema. "Kama unataka asiyejua, mpe mwingine faili hili."

Mweusi nilikuwa peke yangu kwenye ghorofa ile, mwanangu. Lakini neno langu sikulirudisha. Nikamwomba awaulize polisi swali moja: asubuhi ile, nani alikuwa akimsubiri Esperance uwanjani? Polisi wakafuatilia. Kumbe shemasi alikuwa pale na gari lake, akaona mama wa watu anachukuliwa na maofisa, akaondoka zake kimya. Kwenye simu yake yakakutwa maneno aliyoandikiana na waliomtumia mzigo, yakisema wazi kwamba mbebaji hajui lolote. Mashtaka ya Esperance yakafutwa. Shemasi akakamatwa, na kesi yake nikapewa mimi.

Hapo ndipo wazee walipokuja. Walikuwa na suti zao za Jumapili, na nyuma yao, niamini, alisimama Esperance mwenyewe, ameshika sufuria ya wali iliyofungwa kitambaa.

"Shikamooni, wazee," nikasema. Nikabaki pale pale mlangoni.

"Maman, unaacha bazee inje namna hii?" akauliza mkubwa wao, Mkongo aliyetembelea fimbo. "Tumekuja tumalize hii mambo mu nyumba. Haiko ya Bazungu."

"Kama ni habari ya shemasi, siruhusiwi kuisikia. Mpelekeeni wakili wake. Na kesho nitawaambia wakubwa wangu kwamba mlikuja."

Yule mzee alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. Esperance akasogea mbele.

"Dada, huyu mutu alinizikia bwana yangu kule kambi ya wakimbizi," akasema. "Watoto wangu walikula kwake. Mwachilie, kwa ajili yangu."

Ungeweza kumjibu nini? Mimi nilimwambia, "Siwezi, dada." Nikafunga mlango. Nikakaa sakafuni nikalia kwa hasira na kwa aibu, maana nililelewa kumpa mzee kiti kabla hajasema shida yake. Asubuhi nikaenda kazini, nikawaambia wakubwa wangu kama nilivyoahidi.

Shemasi alifungwa. Kadi za harusi zikaacha kuja kwangu. Mama yangu alipofariki, msiba ulikuwa na viti vitupu vingi, na hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu mama hakuwa na kesi na mtu. Siku ya maziko Esperance alikuja. Hakunipa mkono wala hakuniangalia. Alivua viatu, akaingia jikoni, akapika na kuosha vyombo mpaka jioni, akaondoka bila kuaga. Sijui kama ilikuwa shukrani au ni kumheshimu tu marehemu. Sikumwuliza.

Watu wanasubiri niseme nilikosea. Watasubiri sana.

Basi nakuusia hivi, mwanangu. Kazini watakapokutaka unyamaze juu ya unachokijua, eti kwa kuwa umetoka kwetu, sema, hata sauti ikitetemeka. Nyumbani watakapokutaka ufumbe macho, eti kwa kuwa umetoka kwetu, kataa, hata anayeomba akiwa mtu uliyemwokoa. Mshtakiwa akiwa hana kosa, uwe wa kwanza kusema hivyo, usimwachie wakili wake. Akiwa na kosa, usimwonee haya. Utapoteza watu, sikufichi, na kuna siku utawahitaji sana. Lia, kisha nawa uso, panda treni uende kazini. Usimwombe mtu radhi kwa haki uliyoitenda.

Mungu akutangulie katika kila mlango wa mahakama utakaoingia. Akupe moyo usioyumba na usingizi usio na mawazo, na siku utakapobaki peke yako, akae upande wako. Amina.