Seva Iliyokula Nyimbo za Mjomba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyosimama dirishani kwenye studio yangu ya picha pale Maganzo, nikimtazama Masanja upande wa pili wa barabara akicheka mbele ya kompyuta yake. Alikuwa anacheka peke yake, ameegemea kiti. Nyuma yangu kompyuta yangu ilikuwa inaharibu nyimbo za mjomba wangu, wimbo mmoja baada ya mwingine, na mimi nilichokuwa nakiona ni meno ya Masanja tu.

Nakusimulia haya kwa sababu wiki hii umerudi kutoka kazini umenuna, eti mwenzako kasifiwa mbele ya watu na wewe hukutajwa. Sitakwambia uache wivu. Anayekwambia hivyo ama ni malaika ama anakudanganya. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na mimi niliushiriki nikakonda kweli, mpaka mama yako akaanza kuniuliza kama ninaumwa. Basi kaa nikueleze.

Masanja na mimi tulisoma kompyuta pamoja Shinyanga mjini, benchi moja. Tulipomaliza, mimi nikafungua studio, yeye akafungua karakana ya kutengeneza redio na kompyuta, tukatazamana, barabara ikiwa katikati. Nilikuwa fundi mzuri, sijisifu bure. Lakini kitu kikishindikana, watu wa Maganzo walikuwa na sentensi yao: "Kipeleke kwa Masanja." Hiyo sentensi ilikuwa inaniingia hapa, kwenye mbavu. Hata wateja wangu mwenyewe waliniambia, tena kwa upole, kana kwamba wananisaidia.

Halafu kulikuwa na jambo la ngoma. Wewe umekulia mjini, hujui vizuri. Kwetu Usukumani ngoma zina pande mbili, Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kila upande una manju wake anayetunga na kuongoza nyimbo, na kila upande una dawa zake za kumloga mwenzake. Sisi tulikuwa Wagika, akina Masanja Wagalu. Tangu utoto tulifundishwa kwamba msimu wa ngoma hupokei maji wala tumbaku kutoka mkononi kwa mtu wa upande wa pili, na akikupa kigoda, kaa chini kwenye vumbi.

Manju wetu alikuwa mjomba wangu Luhende, kaka yake mama, mtu wa Kishapu. Mjomba aliimba miaka mingi mpaka koo likapata ugonjwa. Madaktari walimtibu, akapona, Mungu ashukuriwe, lakini sauti haikurudi. Akabaki ananong'ona. Bahati nzuri nilikuwa nimemrekodi kwa kamera yangu misimu kadhaa kabla hajaugua. Alitaka binti yake Nkamba arithi kundi, na njia pekee ya Nkamba kujifunza ilikuwa zile rekodi. Siku aliyotoka hospitali alinishika mkono akaninong'oneza, "Mpwa wangu, sauti yangu sasa iko kwako."

Sasa, enzi hizo kulikuwa na kampuni moja ya nje iliyotoa mfumo wa seva ya nyumbani. Unachukua kompyuta ya zamani, unaiwekea diski mbili au tatu, unapakia huo mfumo, inakuwa ghala la nyumba nzima: picha, video, nyimbo, vyote vinakaa humo na kila kompyuta inavisoma. Mfumo wenyewe ulikuwa bado wa majaribio. Waliutoa bure kwa yeyote atakayekubali kuujaribu na kuwaandikia kasoro atakazoziona. Masanja ndiye aliyeanza kuupakia. Nilipousikia tu, nikaupakia wangu wiki hiyohiyo, bila kumuuliza hata neno. Ungeniambia Masanja amenunua punda, ningenunua punda.

Kabla ya kuanza, mfumo ulileta onyo: hili ni toleo la majaribio, usiweke humu kitu ambacho hakina nakala mahali pengine. Nilibonyeza "Nakubali" jinsi watu wanavyoitikia salamu. Nikahamishia nyimbo zote za mjomba. Zikacheza vizuri, picha safi, sauti safi. Nikafuta memori kadi zangu ili nizitumie kwenye harusi.

Siku chache baadaye nikafungua wimbo mmoja ili niukate vizuri mwanzo na mwisho. Kesho yake ule wimbo ukafunguka ukiwa umevunjika: uso wa mjomba umekuwa vipande vya rangi, sauti inakwama na kurudia kama mtu mwenye kwikwi. Nikafungua wa pili niliokuwa nimeukata pia, nao vilevile. Wa tatu ulikuwa mzima. Nikashukuru, nikaufanyia kazi, na kesho yake nao ukavunjika.

Nilianza kutafuta ugonjwa. Nikabadilisha waya za diski. Nikatoa memori ya mashine, nikaifuta vumbi, nikairudisha. Nikasema labda ni umeme wa Maganzo unaopanda na kushuka, nikaazima stabilaiza. Nikapima diski, zote zikasema ni nzima. Kila baada ya kubadilisha kitu niliwasha mashine, nikafungua wimbo kuujaribu na kuiacha ifanye kazi mchana kutwa, na kila nilipoiacha, wimbo mwingine ulikufa.

Masanja alikuwa na kasoro ileile, ila yeye aliiandika. Aliwaandikia wale watengenezaji kwenye jukwaa la wajaribu mtandaoni, akaeleza alichofanya na kilichotokea, hatua kwa hatua. Nao wakamjibu mbele ya dunia nzima: asante Masanja wa Tanzania, umetusaidia kuona tusichokiona. Nililisoma lile jibu dirishani kwangu, yeye akilisoma kwake, na hapo ndipo nilipomwona akicheka. Mwanangu, nilihisi joto masikioni. Wazungu nao sasa wanasema kipeleke kwa Masanja!

Akavuka barabara. Hakuja kujisifu, hilo namtendea haki.

"Mabula, mashine yako ina diski mbili?"

"Kwani vipi?"

"Izime. Usiiwashe tena mpaka tuzitoe diski. Huo mfumo una ugonjwa."

"Yangu haina shida," nikasema.

Nyuma yangu uso wa mjomba ulikuwa umeganda kwenye kioo, nusu kijani nusu zambarau. Masanja aliuona, akahamisha macho kwa adabu. Akatoa flashi mfukoni, akasema ameniwekea maelezo yote na programu ndogo aliyookolea mafaili yake. Akaninyooshea.

Sikuipokea. Nilisema, "Weka hapo mezani." Alicheka kidogo, maana alielewa mara moja, ilikuwa msimu wa ngoma. Akaiweka, akaondoka, na mimi nikaifunika kwa gazeti kama vile ingeniuma. Shangazi yangu aliposikia mashine ya nyimbo za Wagika inaumwa na ya Mgalu imepona, akasema wazi kwamba ni dawa. Mimi niliyesoma nilijua vizuri kwamba hakuna mzizi unaoharibu faili. Lakini nilikaa kimya, nikaacha maneno yaenee, kwa sababu yalinifurahisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha huku nimewasha mashine.

Wiki ile mjomba alikuja kutoka Kishapu pamoja na Nkamba. Nkamba alikuwa amejifunga kanga kiunoni kabisa, tayari kuanza kujifunza. Baada ya shikamoo na marahaba nikawawashia wimbo. Ukavunjika. Nikawasha mwingine, ukakwama. Mjomba aliangalia sura yake mwenyewe ikigawanyika kwenye kioo. Ni Nkamba aliyeuliza, "Kaka, na ile nakala nyingine iko wapi?"

Nikaeleza. Nikaeleza sana, mwanangu, ukiona mtu anaeleza sana ujue ana kosa. Nikataja umeme, nikataja diski, na mwisho, kwa aibu yangu, nikataja Wagalu. Mjomba akainua mkono ninyamaze. Tukamsogelea ili tumsikie.

"Unamfahamu Ndaki, baba yake huyu Masanja?"

"Namfahamu, mjomba. Manju wa Wagalu."

"Maisha yangu yote nimemwonea wivu Ndaki. Wivu wa kuninyima usingizi. Unajua nilifanya nini? Nilikuwa natembea kwa miguu mpaka kwao, nasimama nyuma ya watu, nasikiliza nyimbo zake zote. Narudi nyumbani nimekasirika, natunga." Akapumua, maana kunong'ona kulimchosha. "Manju asiyemsikiliza mpinzani wake ataimba nini? Wivu wangu ulikuwa unatembea. Wako umekaa dirishani. Wivu wako ni mvivu, Mabula."

Akainuka, akavuka barabara mwenyewe. Sisi tukamfuata.

Masanja alimpa mjomba kigoda, na mjomba akakaa, mchana kweupe, katikati ya msimu. Nkamba alinitazama, nikatazama pembeni. Kisha nikasema sentensi niliyoikimbia muda wote: "Masanja, nimeileta kwako." Nilikuwa nimeikumbatia ile mashine kifuani kama mtoto mgonjwa.

Alinieleza ugonjwa wenyewe kwa lugha rahisi. Ule mfumo ulikuwa unahamisha mafaili kutoka diski moja kwenda nyingine kimyakimya, kupunguza msongamano. Ukikuta umefungua faili unalifanyia kazi, hausubiri. Unalihamisha hivyohivyo, unachanganya lililotoka na linaloingia. Ni kama watu wawili kuhamisha mahindi ghalani, mmoja anajaza gunia na mwingine analitoboa. Nyimbo ambazo mfumo haukuwa umezigusa zilikuwa bado nzima kwenye diski ya pili. Kila saa niliyoiwasha mashine nikitafuta ugonjwa, nilikuwa naupa ugonjwa nafasi ya kula.

"Nilikwambia uzime," akasema, bila ukali.

Tukatoa diski ya pili, tukaifunga kwenye mashine yake, tukaanza kunakili. Nyimbo nyingi zilitoka nzima. Nkamba alikuwa akipiga kofi kwa kila wimbo. Lakini kadhaa hazikutoka, na mmojawapo ulikuwa ule mjomba alioupenda kuliko zote, wimbo wa kuwacheka Wagalu, uliowahi kuutoa uwanja wote wa Kishapu upande wao ukaja wetu. Nkamba aliutaka huo zaidi ya yote. Mjomba alijaribu kuunong'ona, akafika mstari wa pili, koo likakataa. Akajaribu tena. Akatikisa kichwa, machozi yakamtoka, na mimi nikatamani ardhi inimeze, kwa sababu huo ulikuwa umekufa siku moja baada ya Masanja kuniletea ile flashi.

Ndipo tukasikia sauti kutoka kwenye kona ya karakana. Mzee Ndaki alikuwa amekaa kule akingojea redio yake, tangu tuingie hakuwa amesema zaidi ya salamu. Alianza kuuimba. Aliuimba wote, mstari kwa mstari, palepale palipopanda akapanda, palipokatika akakata. Na unajua wimbo ulikuwa unasema nini? Ulikuwa unamtaja Ndaki kwa jina, kwamba akicheza anafanana na kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Mzee wa watu aliimba tusi lake mwenyewe kwa koo lake lote, na alipofika kwenye kuku akainuka akacheza kidogo.

Mjomba alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanatikisika. "Umeukumbuka wote?" akanong'ona.

"Luhende, wewe uliutunga ukausahau," Mzee Ndaki akamjibu. "Mimi niliimbiwa. Nitausahauje?"

Masanja akawa tayari amewasha kinasa sauti. Msimu uliofuata Nkamba alisimama uwanjani akaongoza Wagika kwa wimbo aliofundishwa na manju wa Wagalu, na watu wakaja upande wetu.

Nisikudanganye kwamba siku hiyo nilitoka pale moyo mweupe. Nilitoka na wivu zaidi, maana hata wimbo wetu ulikuwa umehifadhiwa vizuri zaidi kwa akina Masanja kuliko kwangu. Mpaka leo Masanja akitajwa, wivu unaamka. Ana ofisi kubwa Mwanza, ana vijana chini yake, na mimi kila mashine inaponishinda nampigia simu, moyo ukiniuma, nasema, "Kaka, hii imenishinda." Anapokea. Naye kuna siku hunipigia mimi, na siku hizo, mwanangu, nalala vizuri.

Basi shika haya. Ukipewa kitu cha majaribio, kijaribu kwa kitu unachoweza kukipoteza, na usifute cha kwanza mpaka cha pili kimekomaa. Kikiharibika, zima kwanza, halafu ndipo uulize. Usiendelee kukiwasha ili tu uonekane fundi. Na wivu ukikupata, maana utakupata, usikae nao ndani. Uvae kama koti, toka nao, vuka barabara mpaka kwa huyohuyo unayemwonea, piga hodi, useme umeshindwa nini. Mchawi mpe mwana akulelee. Sembuse mwenzako ambaye hata si mchawi, ni fundi tu aliyekuzidi. Kesho asubuhi, kabla hujanuna tena, nenda kwa huyo mwenzako aliyesifiwa, umwombe akuonyeshe alifanyaje.

Mungu akupe washindani hodari, mwanangu, na akupe miguu ya kuwaendea. Na siku utakapoishiwa sauti, ulichokitunga akiimbe hata yule uliyemcheka.