Gauni la Inamahoro

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye redio ndogo ya pale Nyamiaga, tulikuwa wanne. Alikuwepo Mwalimu Laurenti, mkuu wa vipindi, aliyemwoa binti wa shangazi yangu Anastazia. Alikuwepo Kulwa, fundi mitambo, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe wao. Alikuwepo Godeliva, mpika chai wetu, Mrundi aliyekimbia vita akapokelewa na jirani yangu. Na mimi Winfrida, niliyeishia darasa la tatu, nikaitwa kwa ajili ya sauti.

"Shikamoo mama," alisema Kulwa kwa utani, akinisogezea kipaza sauti. "Usikiogope. Nyie Wahangaza mkiona mdomo wazi mnaulisha ndizi."

"Marahaba. Na nyie mkiona nyumba haina ng'ombe mnapiga hodi kutoa pole."

Kusoma kulinipa shida, kwa hiyo Mwalimu alitamka sentensi nami nikairudia. Hiyo tuliita kumezesha. Asubuhi nilitangaza vifo, kwa Kiswahili kisha Kihangaza: fulani hatunaye, mazishi ni Nyakisasa, ndugu walioko Murusagamba wapate habari. Wakulima wakisikia sauti yangu walisimamisha majembe. Ambao hawakutajiwa mtu wao waliendelea kulima. Jioni, sauti ile ile ilisimulia hadithi fupi za kutunga.

Wakati ule wakimbizi walikuwa wengi, na Mwalimu akatunga hadithi ya mama aliyekimbia vita. Mama huyo anasimulia mwenyewe kwamba binti yake amebaki kwa jirani, anamsubiri, amevaa gauni jekundu. Akisimulia tena, gauni ni la bluu.

"Huyu msimulizi haaminiki," Mwalimu alinieleza. "Si mwongo wa tabia. Vita vimemvuruga, anaificha nafsi yake jambo. Msikilizaji agundue pole pole. Halafu wewe, kwa sauti kavu, unamalizia: binti alikufa siku ile ile."

Tukafanya mazoezi. Nilipofika kwenye sentensi ile, Godeliva alikuwa mlangoni na birika.

"Nani kasema amekufa?"

"Ni hadithi tu, Godeliva," alisema Mwalimu.

"Najua ni hadithi. Lakini binti yangu Inamahoro alinipotea njiani, na gauni lake silikumbuki. Leo naliona jekundu, kesho la bluu. Na sauti hii ndiyo inayotangaza misiba. Dada Winfrida akisema binti amekufa, jirani zangu watakuja kuketi kwangu. Nitawafukuza?"

Alisema kweli. Kwetu matanga huanza habari ikishatangazwa. Kabla ya hapo mtu hajarudi, basi.

"Nisipomalizia, wasikilizaji watamwita mama huyu mwongo," alisema Mwalimu.

"Bora wamwite mwongo."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kisha akamwambia Kulwa, "Ukifika kwenye bluu, kata." Kukata ni kuondoa kwenye utepe yale yasiyotakiwa kusikika.

Hadithi ikaenda hivyo, bila mwisho. Wiki iliyofuata alikuja mzee mmoja toka Nyakisasa amefura. "Mama gani hajui nguo ya mwanawe? Mnatuletea waongo!" Godeliva akamkaribisha chai, akamwongezea sukari.

Baadaye nilihamishiwa Biharamulo, chini ya Bi. Leokadia, msimamizi wa matangazo. Alikuwa mkali huyo! "Winfrida, msiba hausomwi kama bei ya maharage. Mpe mfiwa nafasi ya kukaa chini." Mpaka leo nikisikia vijana wanavyokimbiza majina ya marehemu, namkumbuka.

Niliporudi Nyamiaga, Mwalimu alikuwa ameshastaafu na Kulwa ana mvi. Wiki yangu ya mwisho kazini, Godeliva alikuja na kitenge kipya.

"Unaacha lini?"

"Ijumaa."

"Basi nitangazie Inamahoro. Sitaki sauti nyingine."

"Umepata habari zake?"

"Habari gani, dada? Nimezeeka tu. Nikitangulia mimi, nani atamlilia?"

Ijumaa nilimtangaza: jina lake, la mama yake, na gauni alilovaa, kama Godeliva alivyoniagiza. Nilisoma pole pole, nikampa nafasi ya kukaa chini. Jioni kwake palijaa watu, wengine walitembea toka Murusagamba na mikungu kichwani. Alilia, jamani. Alilia kama aliyeanza jana.

Sasa nipo nyumbani, nachambua maharage na redio pembeni. Majina ya wote niliowatangaza ninayo. Lakini rangi ya lile gauni! Mimi nasema nilitangaza jekundu. Kulwa anaapa ni la bluu. Godeliva nikimuuliza, kila mara ananipa jibu jingine, na simbishii. Kama ulisikiliza redio Ijumaa ile, nami nimekosea, pita nyumbani unisahihishe. Ila uje taratibu, Godeliva huwa yupo hapa.