Neno Lililomwangusha Venance

Kwetu Mbagala, watu wakipatwa na msiba na ndugu zao wako mbali, wananitafuta mimi nipige simu. Mimi Margareta, fundi cherehani, ndiye mwenye ulimi laini. Niliwahi kumtoa mtu mmoja, Salumu, shambani kwake Kimbiji kwa kumwambia kuna kikao cha ukoo. Alifika kwa amani zake, akakuta jeneza la kaka yake. Sikuona ubaya. Mtu apate habari ya namna hiyo akiwa na watu wa kumshika. Ndivyo tulivyolelewa kule Mbinga, na ndivyo nilivyofanya miaka yote hapa mjini.

Basi msishangae kwamba kijana niliyemlea aliangushwa na mtihani kwa ugonjwa huohuo.

Venance ni mtoto wa marehemu dada yangu. Amesoma udaktari, akamaliza na mwaka wa mazoezi hospitalini, kikabaki kitu kimoja tu: mtihani wa vitendo wa kupata leseni. Unapitia vyumba kumi, kila kimoja dakika nane, kengele ikilia unahama. Huku unapima presha, kule unasikiliza mapafu, kwingine unamkuta mtu anayejifanya mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, na mtahini kakaa pembeni na karatasi yake. Vyumba tisa alivipita vizuri. Cha kumi kilikuwa na mama aliyemleta mumewe mahututi, na mume kafia mikononi mwa madaktari. Venance alitakiwa kumwambia.

"Ulimwambiaje?" nilimuuliza aliporudi na matokeo yake.

"Nilimwambia hali ya mzee imebadilika. Tumejitahidi sana, lakini mengine tunamwachia Mungu."

"Mbona umesema vizuri?"

"Mama mdogo, yule mama aliniuliza kama anaweza kumpelekea uji."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka. Alikuwa amebakiwa na nafasi moja ya kurudia, na bila leseni hakuna atakayemruhusu amguse mgonjwa.

Kila Jumapili tukitoka kanisani tukawa tunafanya mazoezi kwenye chumba changu cha kushonea. Mimi ndiye mke wa marehemu. Yeye alikuwa na karatasi ya hatua za kufuata: keti, jitambulishe, uliza anajua nini, tamka kwa neno lililo wazi, kisha nyamaza. Niligombana na ile karatasi tangu siku ya kwanza.

"Aliyeandika hii hajawahi kukaa msibani," nilisema. "Unamtupia mtu neno kama jiwe?"

"Nisipolisema haelewi."

"Ataelewa tu. Watu huwa wanaelewa wenyewe."

Alijaribu. Lakini akifika kwenye lile neno anageuka katekista: mara mapenzi ya Mungu, mara mzee amepumzika. Nami kwa makusudi namjibu, "Akiamka mwambieni nipo hapa nje." Anakunja karatasi, tunaanza tena. Jumapili ya nne uvumilivu ukanishinda.

"Daktari mzima, neno moja linakushindaje?" nikamfokea, kana kwamba si mimi niliyekuwa namwambia asiliseme.

Alinitazama. "Wewe ushawahi kulisema? Mama alipofariki, uliniambia nini kwenye simu?"

Nilikuwa nakumbuka. Yeye alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni Iringa. Nilimpigia kupitia simu ya mwalimu mkuu, nikamwambia mama yako anaumwa kidogo, anakuulizia, njoo nyumbani.

"Nilinunua kopo la maziwa ya unga kwa hela yangu ya sabuni," alisema. "Ndani ya basi njia nzima nilikuwa na furaha, kwa sababu ulisema ananiulizia. Nikashuka, nikaona turubai. Nikadhani kuna harusi."

Miaka kumi na mitatu hakuwahi kunieleza hayo. Nilitaka kujitetea kwamba nilimwonea huruma. Huruma ilikuwepo, sikatai, ila zaidi niliogopa kumsikia akilia.

Nikamwambia tubadilishane viti. Nikaichukua karatasi, nikakaa pale anapokaa daktari.

"Venance, ni mimi, mama yako mdogo. Nina habari mbaya sana. Mama yako amefariki. Amefariki leo alfajiri."

Karatasi ilisema ninyamaze, nikanyamaza. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile. Alilia, mtu mzima wa miaka ishirini na minane, na sikumwambia ajikaze. Na mimi nililia. Baadaye alinawa uso, akanirudisha kwenye kiti changu, akakaa mbele yangu, akasema, "Mama, mume wako amefariki." Hakuongeza kitu. Nilishindwa hata kuigiza.

Mtihani alifaulu. Leseni anayo, na sasa yuko kwenye zahanati moja huku Temeke.

Mwezi wa tatu jirani yangu Yustina alifiwa na mumewe. Ukoo ukanikalisha katikati, ukanipa simu nimwite mtoto wao Gaspar, aliye Mwanza. Wote walijua nitasema baba anaumwa kidogo. Nilimuuliza Gaspar yuko na nani, akasema yuko na mkewe. Nikamwomba aketi, kisha nikalitamka. Shemeji zake Yustina walinitolea macho, na wapo wasionisalimia mpaka leo. Gaspar alilia muda mrefu na sikukata simu.

Alifika kesho yake jioni. Wanaume wanne walikuwa wamesimama mlangoni tayari kumshika, maana ndivyo tunavyofanya. Aliwapita wote, akaenda kumshika mama yake.