Nyongeza Niliyoipa Kompyuta

Mnisamehe mwandiko na makosa, niliishia darasa la nane. Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi kwa Mama Okoth, mnunuzi wa omena, yaani dagaa, hapa Homa Bay. Akaniambia niandike kwenye kompyuta fomula ya kujumlisha magunia, mstari wa pili hadi wa tisa. Lakini sokoni tumezoea kumwongezea mteja konzi moja juu ya kipimo, basi nami nikaongezea kompyuta mstari wa kumi. Kumbe ulikuwa na magunia ya wiki iliyopita, yaliyokwisha kuuzwa!

Mama akafurahia jumla, akakodi lori la pili. Lori la kwanza likabeba yote, dereva wa la pili akachungulia ghala tupu.

“Mama, nibebe harufu?”

Mama akaitazama kompyuta, akanigeukia. “Atieno, nyathina, mwanangu, nani ameongeza hapa?”

Nikanyoosha kidole kama niko darasani.

Niandikieni nanyi makosa yenu ya kazini, nisiaibike peke yangu.