Fundi wa Grisi Aliyeikimbia Kazi Nzuri

Wasomaji wangu, tumemzika fundi wa grisi wa kiwanda chetu cha sukari, mtu ambaye akicheka, kuku wa hapa kwetu Matete walikuwa wanakimbia ndani wakidhani ni radi. Mnajua kiwanda chetu hakisagi miwa siku hizi. Kimelala mpaka buibui wa hapo wamezeeka, wengine wako na wajukuu. Lakini sisi wa zamu ya asubuhi tulikuwa tunaendanga tu kila siku, na ovaroli. Marehemu alikuwa anapaka grisi mashine isiyozunguka, akimaliza anaipangusa, halafu anaipaka tena. Mimi nilikuwa wa mizani, napima lori ambazo hazikuja. Siku moja nilijipima mwenyewe mara tisa, nikajirudisha nyumbani kwa sababu nilikuwa na takataka mingi kuliko miwa.

Basi kiwanda kingine huko mbali, chenye moshi unatoka kweli, kikamuita kazi. Bibi yake akafurahi, akachinja ingokho mbili, kuku wa kienyeji. Tukamsindikiza tukilia kama bomba imepasuka. Siku ya nne tukiwa kwa chai pale kiwandani, mlango ukafunguka. Ni yeye, na sanduku kichwani.

"Wamekufukuza, mwana wefwe, ndugu yetu?" nikamuuliza.

"Nani anifukuze? Kazi iko, nyama iko, kitanda iko na godoro mbili. Lakini nimekohoa siku tatu, hakuna mtu ameniambia, kama nyinyi, nikufe haraka wakule ng'ombe yangu. Wananiambia pole! Kwani mimi ni mgonjwa?"

Kabla hatujamaliza kumtusi vizuri, bibi yake akashuka kwa bodaboda na mwiko wa ugali mkononi. "Baba watoto, ulinioa mimi ama ulioa hii boila?"

"Boila haina makelele kama yako, mama."

Mwiko ukaruka. Ukanipata mimi, mtu wa mizani, sina kosa. Tulicheka mpaka bati mbili zikatoka kwa paa. Mama akatuangalia mmoja mmoja. "Na nyinyi! Chuma imekufa, bado mnakaa matanga yake. Watoto wangu watakula nini, kicheko?" Akaenda. Tangu siku hiyo hakutusalimia, hata kanisani, hata tukikalia benchi moja.

Sasa kwa mazishi, mwenye kipaza sauti akaita watu wa kazi. Tukasimama kumi na moja. Yule mama wa mwiko akanyakua hicho kipaza sauti.

"Hawa watu nimewachukia," akasema. "Lakini huyu mzee akilala mgonjwa kitandani miezi tano, ukoo ulikuwa unatuma salamu. Hawa walikuwa wanakuja kila siku, wanamtusi mpaka anacheka, anakunywa uji. Asanteni." Akaangalia jeneza. "Lakini ile kazi ingine, watoto wangu wangesoma." Akakaa chini, hakutuangalia tena.

Mimi shule sikuimaliza, hata sikuianza vizuri. Lakini hii nimeelewa: mtu hashikwi na geti ya kampuni, anashikwa na wale anakunywa chai na wao. Ukimpeleka mahali hakuna mtu wa kumtania, hata umpe godoro kumi, atarudi. Hiyo ni tamu sana. Lakini sisi tulicheka na yeye miaka hiyo yote, na hakuna hata mmoja wetu aliwahi kwenda kumuuliza huyo mama kama kwa sufuria kuna kitu.