Kosa Limefanyika

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza hata msumari. Karani wa stoo, mwanamume mfupi wa Kilungu aitwaye Muthiani, alinipeleka nyuma ya duka akanisomesha magunia. Ndiyo, magunia. Aliniambia nisome kila kilichoandikwa, hata zile herufi ndogo za chini, na mimi niliyetoka shule na vyeti vyangu nikasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilinuna asubuhi nzima. Hiyo ilikuwa Sultan Hamud, mwishoni mwa miaka ya sitini, katika duka la wakulima: mbegu, mbolea, majembe, dawa ya kupe. Kampuni ilikuwa na matawi kadhaa Ukambani. Sitaitaja jina.

Nyinyi mnaofanya kazi kwenye supamaketi zenye mashine za kusoma bei, hebu niwaeleze. Mimi nilikuwa karani wa kaunta: napima, nafunga, nakata risiti. Muthiani ndiye aliyepokea mizigo. Lori likifika, alikagua magunia, akayapanga juu ya mbao yasinyonye unyevu wa sakafu, ya zamani mbele na mapya nyuma, kisha akatia sahihi karatasi ya mzigo, tuliyoiita delivari. Aliyeagiza ni meneja. Lakini meneja aliagiza kwa simu, na simu haina sahihi. Msilisahau hilo.

Msimu mmoja, kabla ya mvua za Oktoba, lori lilileta mbegu za mahindi. Muthiani akasoma gunia, akaniita na mimi nisome. Iliandikwa, huko chini kabisa, kwamba mbegu ile ni ya nyanda za juu na hukomaa baada ya miezi sita au zaidi. Huku kwetu mvua ikijitahidi sana hutupa miezi miwili na kitu. Tukaenda wote wawili ofisini. Muthiani, kofia mkononi, alieleza kwa upole kwamba mzigo urudishwe. Meneja hakuinua hata macho. Alisema ile ya muda mfupi imekwisha Nairobi, na watu wanataka kupanda.

"Mbegu ni mbegu," akasema. "Tia sahihi, lori linangoja."

Akatia. Na mimi nikauza. Niliwauzia majirani, nikamuuzia hata mama yangu mdogo.

Jamani, mahindi yale yalivyopendeza! Yalimpita mtu urefu, na wateja walikuja dukani kutushukuru. Kisha mvua ikakatika, kama kawaida yake, mahindi yakiwa hayajatoa hata ndevu. Yakakauka yamesimama. Mwaka ule waliokula mahindi yetu ni ng'ombe. Watu walipojaa mlangoni, meneja alitoka akasimama kwenye ngazi, akasema, "Kosa limefanyika." Nilishangaa sana. Limefanyika, kana kwamba lilijifanya lenyewe sisi tukiwa tumelala.

Wiki iliyofuata alikuja mkaguzi wa matawi. Aliniita mbele ya meneja na Muthiani, akaniuliza swali moja tu.

"Ni nani aliyepokea mbegu hizi?"

"Ni Muthiani," nikajibu.

Lilikuwa jibu la kweli. Hakuniuliza aliyeagiza, nami sikumwongezea. Muthiani alinitazama akingoja niendelee, na mimi nikatazama kalenda ukutani. Meneja alikuwa amekwisha kunidokezea kwamba tawi la Matiliku linatafuta mtu wa kulisimamia, na nililitaka tawi lile kufa na kupona. Barua aliyopewa Muthiani haikusema kosa limefanyika. Ilisema: umefanya kosa. Alifungasha akarudi Kilungu kwa mkewe na watoto wanne, bila kazi. Meneja alihamishiwa tawi kubwa zaidi. Mimi nikapewa Matiliku.

Huko nilisomesha makarani wangu magunia, nikidhani hilo latosha. Baadaye nikapelekwa Kitui, sasa mimi ndiye meneja, mwenye ofisi na simu. Mwaka mmoja niliagiza dawa ya kupe iliyokaribia kupitwa na wakati, kwa kuwa ilipatikana upesi. Mama mmoja akaja kunieleza kwamba ameogesha mifugo yake kwa dawa hiyo na kupe hawakufa. Waliokufa ni ndama wake wawili. Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Pole, mama. Kosa limefanyika." Aliyepewa barua ni karani wa kaunta. Mimi sikuulizwa chochote, na katika kazi yangu yote sikuwahi kumwona meneja akiulizwa. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilipostaafu, miaka ya tisini, walinisifu kwamba faili langu halina doa. Nikalia. Walidhani ni furaha.

Mwezi uleule nilikwenda Kilungu. Nilimkuta Muthiani akipogoa michungwa yake, mzee mwenye mvi tupu. Alinikaribisha vizuri, akaniita mwaitu kama mtu anavyomwita mama wa heshima, akaniwekea kiti na chai. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima.

"Muthiani, ile siku ya mkaguzi," nikaanza, "kuna kosa lililofanyika..."

Aliweka kikombe chini. "Lilifanywa na nani?"

Hata pale, mbele ya mtu niliyekuja kumwomba radhi, ulimi wangu ulikuwa bado wa ofisini.

"Na mimi," nikasema. "Nilijua aliyeagiza, nikanyamaza."

Alitikisa kichwa polepole.

"Ni maneno machache," akasema. "Watoto wangu wawili waliacha shule nikiyangoja."

Hakusema amenisamehe. Akaniuliza kama mvua imenyesha Matiliku, ninakoishi tangu nistaafu, nikamjibu bado. Nilikunywa chai yake yote, maana kuondoka mapema kungekuwa kumkimbia mara ya pili.